Muhuri Shingoni mwa Mama

Nilimpiga mama yangu muhuri shingoni akiwa amelala. Naanza na hilo kwa sababu nikilificha mjomba atalisema, na mjomba akisimulia kitu huongeza chumvi mpaka hakiliki.

Ilikuwa Jumapili mchana, wakati wa likizo ya Aprili. Mama alikuwa ametoka kanisani, amekula, amejilaza kwenye kochi, viatu vyake vimepangwa chini kama vinangoja wimbo wa kufunga ibada. Leso anayojifunga shingoni ilikuwa imelegea. Mimi nilikuwa na nusu ya kiazi niliyoichonga kwa wembe tangu asubuhi: duara, na ndani yake neno SAFI, herufi zimegeuzwa ili zikigonga zisomeke sawasawa. Mwalimu wangu wa sanaa hajawahi kupata kazi nadhifu kama ile kutoka kwangu. Nikachovya kiazi kwenye wino wa zambarau, nikakipuliza kidogo, nikamgonga mama pale pale palipovimba. Hakuamka. Alifukuza tu nzi ambaye hakuwepo.

Wino ulikuwa wa mjomba. Mjomba ni mdogo wake mama, na kazi yake ni kuosha nyama katika machinjio moja ya Dagoretti. Nyama ikishakaguliwa huko hupigwa muhuri wa zambarau, na hapa kwetu Kabiria hakuna mtu mzima anayenunua hata robo bila kuinama kutafuta ule muhuri kwanza. Mjomba alikuwa ameleta wino kidogo nyumbani kwenye chupa ya soda ili apake kuku wake alama majirani wasiwatie mfukoni. Kwa hivyo kuku wetu hutembea mtaani na mabawa ya zambarau, wametulia kama maaskofu.

Mama naye anauza nyama, matumbo, ini na supu ya vichwa kwenye kibanda karibu na nyumbani. Kwake muhuri si mchezo. Mteja akiuliza kama nyama ni nzuri, mama hajibu kwa mdomo. Anageuza paja, anaonyesha rangi, anaendelea kukata.

Sasa, huo uvimbe. Ulikuwa upande wa kulia wa koo, na nilikuwa nimeuona muda mrefu hivi kwamba sikuuona tena. Nyanya alikuwa na goita yake maisha yote na akazikwa nayo akiwa mzee, basi sisi tuliichukulia kama pua ya ukoo: mwingine anarithi, mwingine anaponea. Akina mama wa soko walimwambia mama ale chumvi zaidi. Akala. Uvimbe nao ukala. Ulikuwa kama ndimu, ukawa kama yai la kuku, ukapita yai. Mwaka huu ugali ukaanza kumkwama. Ungemwona ameshika tonge, anameza, anangoja, macho yanalenga mbali kama mtu anayesikiliza mlango ukigongwa. Zahanati ya hapa ikamtuma hospitali moja ya Parklands. Huko walimpaka mafuta baridi, wakapitisha kile kifaa cha kupiga picha za ndani, halafu wakamchoma sindano nyembamba kuchukua chembe za kupima.

Ijumaa wakampigia simu. Sindano haikuona ubaya wowote, lakini aje Jumatatu aongee na daktari.

Mama alisikia nusu ya kwanza tu. Jumamosi alikuwa kibandani na upawa mkononi, anawaambia wateja, "Mimi nimepita ukaguzi. Kilichobaki ni kunipiga muhuri niuzwe." Kibanda chote kikacheka. Mjomba akacheka mpaka supu ikamwingia puani. Mimi ndiye mtu pekee katika familia ambaye akisikia mzaha mzuri huenda kutafuta kiazi.

Mpango ulikuwa rahisi. Mama angeamka, ajione kwenye kioo, apige kelele, anikimbize na mwiko kuzunguka tangi la maji, halafu tucheke. Nilingoja. Akaamka, akapika chai, akaoga, akaimba wimbo wake wa pambio, akaniuliza kama nimepiga pasi shati. Hakuna neno. Nikajisemea, sawa, huyu mama ananichezea. Maana yeye pia ni mtu wa mzaha, na mchezaji mzuri hukaa na karata yake. Asubuhi akajifunga leso safi, tukaenda Parklands, na njia nzima nilikuwa namwangalia kwa heshima. Kweli huyu ndiye aliyenizaa.

Daktari alikuwa mama wa Kihindi mwenye nywele za mvi zilizosukwa mkia mmoja, na Kiswahili chake kilivunjika mahali pale pale chetu huvunjika. Alituamkia, akamwambia mama atoe leso.

Mama akaitoa.

Daktari akainama, akasoma. Halafu akasoma tena, kama mtu anayeangalia bei na hajaiamini. Kisha akanigeukia mimi, sijui kwa nini mimi, labda kwa sababu meno yangu yote yalikuwa nje.

"Hii ni nini?"

Mama akauliza kuna nini. Daktari akavuta droo, akatoa kioo kidogo cha mkononi, akamnyooshea. Mama hakukipokea. Aliisukuma mikono yake chini ya mapaja, akaikalia kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu.

"Niambieni tu," akasema. "Mimi sitaki kioo."

Hapo ndipo meno yangu yalipoingia ndani.

Nyumbani tuna kioo kimoja. Zamani kilikuwa kimetundikwa kando ya mlango, na kila mtu alijiangalia hapo akitoka. Muda fulani nyuma mama alikitoa, akakileta kwenye pembe yangu ya chumba, akasema, "Chukua. Wewe ndiye unaota ndevu sasa." Nilifurahi vibaya. Niliwaringia wenzangu shuleni kwamba mathe amenitambua. Nilikaa na kile kioo miezi, najitafutia ndevu zenyewe nne, na sikuwahi kujiuliza yeye anajiangalia wapi. Hakuwa ananichezea. Hakuwa anakaa na karata yoyote. Mama yangu alikuwa haangalii shingo yake tena.

Daktari alirudisha kioo kwenye droo. Nikaona hakuna mwingine wa kusema.

"Imeandikwa safi," nikasema.

"Nani ameandika?" mama akauliza.

"Mimi. Jana ukiwa umelala. Na wino wa mjomba."

Mama akatazama ukuta. Ulikuwa na picha ya koo la mtu likiwa wazi, na tezi yenyewe, ile inayovimba ikawa goita, imekaa hapo mbele kama kipepeo aliyetua. Aliitazama hiyo picha kwa muda mrefu. Nilitamani anizabe kofi. Kofi najua mahali pa kuliweka.

Daktari akalowesha pamba kwa spiriti, akasugua. Ukingo tu wa duara ndio ulitoka. "Itakaa," akasema. Akaitupa pamba, akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. "Mama, sikiza mimi vizuri. Hii neno mimi sijaandika. Na leo siwezi kuandika."

Mama akamkumbusha kwamba sindano ilisema yuko sawa.

"Sindano imesema pale imegusa pako sawa."

Akatueleza polepole. Alisema uvimbe mwingi wa shingo si saratani, na mama asitoke pale akidhani amehukumiwa. Picha zake zilikuwa na mambo ya kutuliza na mengine ya kutotuliza. Kingo zilikuwa nzuri upande mmoja, upande wa nyuma hazikuonekana vizuri. Lakini shida yake kubwa ilikuwa ukubwa wenyewe. Uvimbe mdogo, sindano ikiingia mara mbili tatu, imeuonja karibu wote. Uvimbe kama huu, sindano imeonja pembe tu, na pembe nyingine inaweza kuwa na habari yake. Tena kuna saratani ya tezi ambayo hata ukizichukua chembe zake hazikwambii kitu, zinafanana na za kawaida. Huijui mpaka uutoe uvimbe mzima, uukate vipande, uangalie kama umetoboa ngozi yake na kutoka nje.

Nilidhani mama hafuati. Uso wake ulikuwa umefungwa. Kumbe alikuwa yuko kazini.

"Ni kama ini," akasema. "Ini likiwa kubwa mkaguzi hakati mahali pamoja. Nje linaweza kung'aa kabisa."

Daktari akasema ndiyo, ni hivyo hivyo.

"Sasa mimi nilipigwa muhuri kabla ya kukatwa," mama akasema, na akanitupia jicho. Lilikuwa jicho tu. Hakukuwa na hasira ndani yake, na hilo ndilo lililonimaliza.

Njia zilikuwa mbili. Angeweza kungoja, awe anarudi kupigwa picha na kuchomwa sindano tena, mradi ajue kwamba jibu zuri la sindano kwa uvimbe wa saizi ile halikuwa jibu la kulalia usingizi. Au wautoe upande ule wote wa tezi, waukate, wauone. Daktari alipendelea kuutoa. Lakini hakumficha: nyuma ya tezi unapita mshipa mwembamba wa fahamu unaoendesha sauti, na kwa uvimbe ulioshuka nyuma vile, mshipa unaweza kuguswa.

Mama akasema atafikiria.

Lazima niseme kitu kuhusu sauti ya mama. Mama hakuolewa, kwa hivyo mimi kifungua mimba nilipewa jina la baba yake, kama ilivyo kwetu, na ndiyo maana asipokuwa na hasira huniita baba. Akiwa na hasira hutumia jina lenyewe. Alikuwa analirusha kutoka kibandani, linapita nyumba za mabati, linapita gereji, linanikuta uwanjani ng'ambo ya barabara nikiwa nimebaki na kipa peke yake. Timu zote mbili zilikuwa zinasimama. Mtu ambaye hata hanijui ananiambia, "Buda, unaitwa." Nimekosa mabao mengi kwa sababu ya sauti hiyo. Nilikuwa natamani ipungue kidogo. Hilo nalo nilikuwa nimelitamani kweli, kwa maneno, mbele ya watu.

Tuliporudi Kabiria nilichemsha maji, nikakata ndimu, nikatafuta sabuni ya kipande na mafuta ya taa. Mama alikaa kwenye kigoda uani, akainua kidevu, akaniachia shingo. Sikuwa nimewahi kuugusa uvimbe wenyewe. Kugonga kwa kiazi si kugusa. Nilikuwa nadhani ni mlaini kama mkate uliolowa. Ulikuwa mgumu, na nilipokuwa nasugua alimeza mate, ukapanda na kushuka chini ya vidole vyangu. Nikaacha.

"Sugua," akasema.

"Nitakuumiza."

"Wewe sugua. Kwani huo wino ulikuwa unaniuliza?"

Neno lilififia likawa la waridi, halafu likagoma. Kuku mmoja wa mjomba akapita na bawa lake la zambarau, akatutazama kwa upande. Siku nyingine yoyote ningekuwa na la kusema.

Alifikiria kwa majuma. Aliuza supu leso ikiwa shingoni, na mtu akimuuliza habari za Parklands alisema wanaendelea kuangalia. Mjomba alitaka angoje. Alisema nyanya alifika uzee na yake, na kwamba madaktari wakiona kitu kikubwa mikono huwawasha. Mama alimsikiliza, akampa mfupa. Mimi nilisoma kwenye simu usiku na mchana, nikajifanya daktari, nikajua maneno ambayo hata siwezi kuyatamka, na kila ukurasa uliishia mahali pamoja: kwa uvimbe mkubwa, inategemea. Inategemea ni neno baya sana ukiwa unaongelea mtu anayekupikia.

Ningekuwa mtunzi wa hadithi ningeandika kwamba siku moja alikata ini zuri linalong'aa, akakuta doa ndani, akaelewa. Hakukuta kitu. Alikuwa anakata vitunguu. Alisimamisha kisu, akasema nimpigie daktari nimwambie atakuja, na nimwambie mjomba atafute mtu wa kushika zamu yake Dagoretti, aje kibandani, kwa sababu mimi peke yangu nitaua wateja. Nikamuuliza ni nini kimemfanya aamue. Akasema amechoka kumeza akisikiliza.

Siku aliyopasuliwa nilipika supu mimi. Mjomba alisema ina chumvi ya kutosha kuhifadhi maiti, halafu akasikia alichokisema, akaenda nyuma ya kibanda akakaa huko. Wateja walilipa na hawakulalamika. Hapo ndipo nilipojua mtaa wote unaogopa. Watu wa Kabiria wasipolalamika kuhusu chakula, kuna kitu.

Jioni nilimkuta wodini ameegemea mito, bandeji shingoni, macho mazito. Nilikuwa nimejiandaa na mizaha mitatu. Nikatoa wa kwanza, kwamba sasa ana zipu, tutakuwa tunamfungua tukiona jambo analoficha. Alitabasamu kwa macho, akaonyesha kwa kidole nisimchekeshe, inauma. Hiyo mingine miwili sijaitumia mpaka leo. Alitaka maji. Alifungua mdomo kuyaomba, na kilichotoka kilikuwa hewa, na ndani ya hewa, mbali sana, kulikuwa na neno. Nilidhani ni usingizi wa dawa.

Kabla hajaruhusiwa nilirudisha kioo kando ya mlango. Nilikipigia msumari mpya. Siku aliyofika nyumbani alikipita akigeuza uso upande, akaingia. Akatoka kwenda chooni, akakipita tena. Mara ya tatu alisimama. Mimi nilijifanya nafunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa ndara. Alifunua bandeji kidogo kwa kidole kimoja. Akaangalia mshono. Halafu akaangalia juu zaidi, uso wake wote, kama mtu anayemsalimia jirani aliyepotezana naye.

Sauti haikurudi. Daktari alisema mshipa ulikuwa umebanwa na uvimbe na haukukatwa, unaweza kuamka baada ya miezi, na unaweza usiamke. Kibandani mjomba akawa ndiye wa kuita wateja.

Majibu ya maabara yalipotoka tulienda Parklands sisi wawili. Kile chumba, ile picha ya kipepeo ukutani. Daktari alivuta kiti vile vile, magoti kwa magoti, na mimi nikajua kabla hajasema, kwa sababu ya kiti. Walikuwa wameukata uvimbe vipande vingi. Karibu wote ulikuwa mzuri, alisema, mzuri kabisa, sindano haikudanganya. Lakini upande wa nyuma ulikuwa umetoboa ngozi yake na kuingia kwenye mishipa ya damu. Ilikuwa saratani. Akasema ni ya aina ambayo watu wengi hutibiwa, na akalirudia hilo mara mbili akimwangalia mama machoni. Ingebidi watoe na upande wa pili. Baadaye angekunywa dawa ya mionzi, na akishainywa angekaa peke yake kwa siku kadhaa, asikaribiane na mtu. Halafu vidonge kila asubuhi, maisha yote.

Mama aliitikia kwa kichwa kila kitu. Alikunja karatasi zake, akasema asante, na daktari akainamisha kichwa ili aisikie hiyo asante.

Tulikaa kwenye benchi nje ya lango. Ng'ambo ya barabara kengele ya hekalu la Wahindi ililia, na watu waliovaa vizuri wakawa wanashuka kwenye magari yao. Mimi ambaye mwalimu mkuu amewahi kunitoa kwenye gwaride kwa sababu ya mdomo, nilihesabu magari yale mpaka yakaisha. Mwisho nikamwambia mathe, pole kwa ule muhuri. Nikamwambia hata kabla ya muhuri, nilikuwa natamani upunguze sauti, na sasa hivi ningetoa hata macho unipigie kelele mara moja tu.

Alisema kitu. Lori lilikuwa linapita, sikushika. Nikasogea kwenye benchi mpaka bega langu likagusa lake, nikainama, sikio langu karibu kabisa na leso. Akarudia.

"Kaa hivyo hivyo, baba. Saa hii nikikuita ukiwa mbali hutanisikia."